Dawa ya ubongo hufungua kila kufuli linaloingia ufunguo wake

Mgonjwa aliyepewa dawa ya kutuliza akili anaanza kutembea kwa hatua fupi, mwili umekakamaa, udenda unamtoka. Mtoto aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika anapinda shingo, macho yanageukia juu, na nyumba nzima inadhani ni degedege au pepopunda. Katika familia nyingi hapo ndipo dawa inapotupwa jalalani na safari ya kwa mganga inapoanza.

Maelezo ya matukio yote mawili yapo, na siku hizi yamechorwa kwenye ramani. Kwa zaidi ya miaka 20 wanasayansi wamekuwa wakichora ramani ya ubongo inayoonyesha ni sehemu gani hasa kila jeni imewashwa na ni sehemu gani imezimwa. Nataka tuizungumze wiki hii kwa sababu naamini inamhusu mgonjwa anayesubiri kwenye benchi la kliniki kama inavyomhusu profesa wa maabara. Ramani hiyo inatufundisha jambo moja kubwa: katika ubongo haitoshi kuuliza "kemikali gani?" Lazima uulize na "wapi?"

Ufunguo na kufuli

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo huzungumza kwa kutumiana kemikali. Baadhi ya kemikali hizo umeshawahi kuzisikia: dopamini, serotonini, gaba, glutamati. Seli moja huachia kemikali, na seli jirani huipokea.

Lakini kemikali peke yake haifanyi kitu. Ili seli isikie, lazima iwe na kipokezi cha kemikali ile. Chukulia kemikali kuwa ni ufunguo na kipokezi kuwa ni kufuli. Ufunguo ukifika kwenye mlango usio na kufuli lake, hakuna kinachofunguka. Ukifika kwenye mlango wenye kufuli lake, mlango unafunguka, na kinachotokea ndani kinategemea kazi ya chumba kile. Chumba kimoja kinaongoza mwendo wa miguu, kingine kinaamsha kichefuchefu, kingine kinaongoza homoni.

Makufuli hayo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Karibu kila seli ya mwili wako imebeba jeni zote, zile zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini zikiwa kama 20,000. Hata hivyo hakuna seli inayozitumia zote. Ni kama kumpa fundi cherehani na fundi magari kitabu kimoja kinene cha ufundi: kila mmoja atafungua kurasa za kazi yake na kuziacha nyingine. Seli ya ini hufungua kurasa zake, seli ya ubongo zake, na hata ndani ya ubongo seli za mbele hazifungui kurasa zilezile na seli za nyuma.

Kujua kurasa zipi zimefunguliwa wapi ndiko kujua makufuli yako wapi.

Ramani ilivyochorwa

Mwaka 2003 Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wawili wa kampuni ya Microsoft, alitoa dola milioni 100 kuanzisha taasisi ya utafiti wa ubongo mjini Seattle, Marekani. Taasisi hiyo ilianza na ubongo wa panya, ikamaliza ramani yake mwaka 2006. Kisha ikaingia kwenye ubongo wa binadamu, na mwaka 2010 ikaanza kuweka ramani hiyo wazi, mtu yeyote mwenye intaneti aione bila malipo.

Kazi yenyewe ni ya subira. Familia ya marehemu hukubali kutoa ubongo. Ubongo hugandishwa na kukatwa vipande vyembamba. Kutoka sehemu mamia kadhaa huchukuliwa sampuli ndogo, na katika kila sampuli wataalamu hupima ujumbe unaotolewa na kila jeni. Jeni iliyowashwa hutoa ujumbe mwingi, iliyozimwa iko kimya. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya jeni zetu zimewashwa mahali fulani ndani ya ubongo. Hakuna anayepaswa kushangaa, basi, kwamba ubongo ni mgumu kutibu.

Mwaka 2023 watafiti wa nchi kadhaa walitoa kwa pamoja makala 21 za kitaalamu kuhusu seli za ubongo, wakitumia vipimo vinavyosoma seli moja baada ya nyingine. Katika ubongo wa mtu mzima walitambua aina za seli zaidi ya 3,000. Kila aina ina mchanganyiko wake wa jeni zilizowashwa, kwa hiyo ina mchanganyiko wake wa makufuli.

Kemikali moja, kazi nne

Tuchukue dopamini. Seli zinazoitengeneza ni chache ukilinganisha na ukubwa wa ubongo, na nyingi ziko kwenye shina la ubongo. Lakini makufuli yake yametawanyika. Yako kwa wingi kwenye sehemu za ndani zinazoongoza mwendo. Yako kwenye njia za hamu, motisha na fikra. Yako kwenye kijisehemu cha chini ya ubongo kinachoamsha kutapika. Na yako kwenye tezi ya pituitari, ambako dopamini huzuia homoni inayotoa maziwa kwenye matiti.

Sasa angalia magonjwa mawili. Mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson amepoteza seli zinazopeleka dopamini kwenye sehemu ya mwendo. Anatetemeka, anakakamaa, anatembea kwa shida. Anapewa levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na mwendo unarudi. Lakini levodopa haiendi kwenye sehemu ya mwendo peke yake. Baadhi ya wagonjwa hupata kichefuchefu, na wengine huanza kuona vitu visivyokuwepo.

Upande wa pili yupo mtu mwenye skizofrenia, anayesikia sauti na kuona wenzake wote ni maadui. Kwake dopamini inafanya kazi kupita kiasi kwenye baadhi ya njia. Anapewa haloperidoli au klopromazini, dawa zinazoziba makufuli ya dopamini, na sauti zinapungua. Lakini haloperidoli nayo haichagui mlango. Huziba pia makufuli ya sehemu ya mwendo, na mgonjwa anakakamaa kama mtu wa Parkinson. Huziba makufuli ya pituitari, na mwanamke anaweza kukosa hedhi au kutokwa na maziwa ilhali hanyonyeshi.

Umeona? Dawa ya ugonjwa mmoja inaweza kuleta dalili za ugonjwa wa pili. Kukakamaa huko hakumaanishi kwamba ugonjwa umepanda au kwamba mgonjwa amelogwa. Hakumaanishi pia kwamba daktari alikosea dawa. Dawa imefungua, au imeziba, kila kufuli iliyolikuta.

Na jambo hili lina tiba. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza dawa ya kulegeza misuli kama ile ambayo familia nyingi zinaijua kwa jina la Artane. Anachohitaji ni kuambiwa. Mgonjwa anayeacha dawa kimyakimya kwa sababu ya kukakamaa mara nyingi hurudi hospitali baadaye akiwa na hali mbaya kuliko ya mwanzo, wakati mwingine akiwa amefungwa kamba. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii yote: watu wanarudishwa kwenye wazimu na tatizo ambalo lingemalizwa kwa mazungumzo ya dakika tano.

Mzazi, jihadhari na dawa ya kutapika

Metoklopramidi, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Plasil, huzuia kutapika kwa kuziba makufuli yaleyale ya dopamini. Kwa watoto na vijana inaweza kugusa sehemu ya mwendo haraka. Ndiyo maana unaweza kuona shingo inapinda, ulimi unatoka nje, taya linakaza, macho yanaganda juu, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili za kuanza dawa. Mtoto anakuwa na fahamu zake, anakusikia, anaogopa.

Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliagiza dawa hii isitumike kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, isiwe chaguo la kwanza kwa watoto wakubwa, na isitumike zaidi ya siku tano. Ukiinunua dukani bila kipimo cha uzito wa mtoto na kumpimia kwa makadirio, unamweka hatarini.

Hali hiyo ikitokea, usimpe dozi nyingine. Usimwekee kijiko mdomoni wala usimpake chochote. Mpeleke kituo cha afya mara moja na uchukue pakiti au chupa ya kila dawa aliyokunywa. Mhudumu akishajua ni dawa gani, kuna sindano inayomlegeza mtoto kwa muda mfupi. Asipojua, anaweza kumtibu kifafa au pepopunda ambavyo hana. Na kumbuka, mtoto anayeharisha na kutapika kwanza anahitaji maji ya ORS kidogo kidogo na vidonge vya zinki. Kutapika kwenyewe mara nyingi hutulia maji yakirudi mwilini.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Ramani nyingine, iliyotolewa mwaka 2011, ilitumia ubongo wa watu 57, kuanzia mimba changa hadi uzee. Ilionyesha kwamba jeni zinazowashwa hubadilika sana kadiri umri unavyokwenda, na mabadiliko makubwa kabisa hutokea kabla ya kuzaliwa.

Mfano ni gaba. Kwa mtu mzima gaba ni kemikali ya kutuliza, na diazepamu na fenobabitoni huzuia kifafa kwa kuiongezea nguvu. Lakini katika ubongo mchanga kuna pampu mbili za chumvi kwenye seli: moja huingiza, nyingine hutoa. Jeni ya pampu ya kuingiza huwa inafanya kazi sana, na ile ya kutoa bado haijashika kasi. Tafiti, hasa za wanyama, zinaonyesha kuwa katika hali hiyo gaba inaweza kusisimua seli badala ya kuituliza. Hii ni sababu mojawapo inayotajwa kueleza kwa nini degedege la mtoto mchanga mara nyingine halitulii kwa dawa.

Ugunduzi huo ulileta matumaini makubwa. Watafiti wa Ulaya walijaribu kuwapa watoto wachanga wenye degedege bumetanidi, dawa ya kukojoza inayoziba ile pampu ya kuingiza. Kwenye karatasi mantiki ilikuwa safi. Jaribio lilisitishwa mapema, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalisema dawa haikuonyesha manufaa na baadhi ya watoto walipata tatizo la kusikia. Fenobabitoni imebaki kuwa dawa ya kwanza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa degedege la mtoto mchanga.

Kwa hiyo mtu akikwambia "sayansi ya ubongo imegundua", muulize: imejaribiwa kwa wagonjwa? Ramani inaonyesha njia. Kama njia inapitika, mpaka mtu apite.

Wauzaji wa "kusawazisha kemikali"

Siku hizi kuna matangazo ya vidonge, unga na matone ya "kusawazisha kemikali za ubongo" au "kuongeza dopamini" kwa mtoto mwenye usonji, mtoto mtundu au mtu mwenye sonona. Baada ya kuona habari ya Parkinson na skizofrenia, jiulize: wanasawazisha wapi? Kemikali ileile inaweza kuwa pungufu sehemu moja na nyingi sehemu nyingine. Hakuna mizani moja ya kichwa kizima. Na dopamini yenyewe ukiimeza haivuki ukuta unaolinda ubongo. Ndiyo maana wagonjwa wa Parkinson hupewa levodopa, siyo dopamini. Serotonini nayo kwa sehemu kubwa iko tumboni, kwenye utumbo, na ndiyo sababu dawa nyingi za sonona huleta kichefuchefu siku za mwanzo. Mara nyingi hupita, usiziache ghafla.

Wapo pia wanaodai kwamba kwa mate au damu ya mtoto wataona "jeni za ubongo wake zinavyofanya kazi". Hapa uwe makini. Mate yanaweza kuonyesha kitabu, yaani jeni alizorithi. Kipimo cha aina hiyo husaidia kwa baadhi ya magonjwa ya kurithi na baadhi ya vifafa vikali, kikiagizwa na daktari anayejua anachokitafuta. Lakini kurasa zipi zimefunguliwa sehemu gani ya ubongo, mate hayawezi kusema. Ramani niliyoieleza ilichorwa kwa kukata ubongo wenyewe wa watu waliofariki. Anayekuuzia picha hiyo kutoka kwenye mate anakuuzia hewa.

Ramani ina mapengo

Haki inataka niseme pia upungufu wake. Ramani ile maarufu ya Seattle ilitokana na watu sita tu, wanaume watano na mwanamke mmoja, wenye umri wa miaka 24 hadi 57. Hakuna mtoto. Hakuna mzee. Wawili walikuwa Wamarekani weusi, na hakuna aliyechukuliwa kutoka bara letu. Tena ujumbe wa jeni hauonyeshi kila kitu: jeni inaweza kuwashwa kwenye seli moja, kisha protini yake ikasafirishwa na kwenda kufanya kazi mbali, kama kiwanda kilichoko mji mmoja na duka lake mji mwingine.

Kuna anayeuliza, je, ubongo wa Mwafrika una makufuli mengine? Mwaka 2024 watafiti wa Baltimore, Marekani, walichunguza ubongo wa Wamarekani weusi zaidi ya 100. Tofauti walizoona zinazohusiana na asili zilikuwa zaidi kwenye jeni za kinga na za mishipa ya damu, siyo kwenye seli za neva zenyewe. Maana yake ni kwamba tunashiriki sana kwenye mazungumzo ya msingi ya ubongo, lakini kuhusu kiharusi na uvimbe wa ubongo unaotokana na maambukizi, kukosekana kwetu kwenye ramani kunaweza kutugharimu. Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, tayari kimeanzisha benki ya ubongo. Kwetu, mjadala wa kutoa ubongo wa marehemu kwa utafiti haujaanza sebuleni wala misikitini na makanisani. Naona uanze, kwa heshima, kwa ridhaa ya familia na bila kuharakisha maziko ya mtu.

Ufanye nini kesho kliniki

Ukiandikiwa dawa yoyote inayogusa ubongo, iwe ya kifafa, akili, usingizi, maumivu makali au kutapika, uliza maswali matatu kabla ya kuondoka. La kwanza: dawa hii inafanya kazi gani, na inagusa wapi kwingine? La pili: dalili gani nikiziona nirudi leoleo, na zipi nizivumilie kwa siku chache? La tatu: nikitaka kuiacha, niiache vipi? Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta degedege lisilokoma.

Andika majibu nyuma ya kadi ya kliniki. Tunza pakiti. Dalili mpya ikitokea, andika tarehe dawa ilipoanza na tarehe dalili ilipoanza. Mistari hiyo miwili inamsaidia daktari kuliko hadithi ndefu. Kwa Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) hupokea taarifa za maudhi ya dawa, na unaweza kumwomba mhudumu wako aijaze fomu.

Nanyi wahudumu, mgonjwa akiuliza "wapi?", msimwone mjuaji. Mwambieni. Mama anayejua kwamba shingo ya mwanawe inaweza kupinda kwa sababu ya dawa atakimbilia kwenu. Asiyejua atakimbilia kwingine, na mnaweza msimwone tena.